Kalamu Ikigoma

Je, imewahi kukutokea? Umekaa na daftari usiku, wenzako wamelala. Juzi hadithi ilikuwa inamwagika yenyewe. Leo unaandika mstari, unakata. Unaandika mwingine, unakata. Mwisho unachana karatasi na kusema, "Basi, mimi si mwandishi."

Pole sana, lakini usitupe kalamu kwanza. Sisi wa Simiyu tunaye jirani wa kutufundisha jambo hili. Ukisimama ufukweni Busega, ng'ambo ya Ghuba ya Speke kuna kisiwa cha Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu kwa lugha yake, Kikerewe. Wachapaji hawakuitaka, maana wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mzee alikaa chini akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, yote! Ilitoka mwaka 1980, juzuu mbili. Hesabu mwenyewe: miaka 35. Mwaka uliofuata alifariki.

Nini kilimpa moyo? Sifa hazikuwepo, na pesa ndiyo kabisa. Alitaka mila na maneno ya watu wake yasipotee. Tena aliandika alichokijua: kilimo, uvuvi, dawa za miti shamba, ugomvi wa wakwe. Kisa chenyewe ni cha mke na mume wasio na mtoto, Myombekere na Bugonoka. Kitereza na mkewe nao walizika watoto wao wadogo. Kwa hiyo uchungu ule hakuuazima kwa mtu.

Sasa wewe unasema huna la kuandika, na hapo Bariadi msimu wa pamba unaona mambo mangapi? Baba anarudi kutoka kwenye mizani hasemi kitu. Rafiki yako wa kidato cha pili haji tena shule, unasikia ng'ombe wameshapelekwa kwao. Andika hayo (majina badilisha, usimwanike mtu!). Kama maneno yanakuja kwa Kisukuma, yaandike hivyo hivyo, Kiswahili utakitia baadaye. Kitereza alifanya hivyo.

Kuna mshikaji atakwambia vuta bangi kidogo, mawazo yatakuja. Uongo mtupu. Utacheka, utaona umeandika kitu cha ajabu, asubuhi ukisoma hata wewe huelewi. Bangi huharibu kumbukumbu na umakini, na ubongo wa kijana bado unakua. Mara nyingi kichwa kinachogoma kimechoka tu. Kijana wa umri wako anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukitoka kuchota maji, kulima na kusoma, halafu ukeshe, unategemea hadithi itoke wapi? Lala. Amka mapema kidogo, andika dakika 15 kabla ya namba. Siku ikitoka mistari mitatu mibaya, iache ilivyo. Kosa kubwa ni kusahihisha kila neno kabla wazo halijaisha.

Hizo dakika 15 zina kazi nyingine pia. Mwaka 1986 mtaalamu wa saikolojia huko Marekani, James Pennebaker, alichapisha utafiti na mwenzake. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza. Siku zenyewe walihuzunika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Ila daftari halimtoi mtu hatarini. Kama kuna anayekupiga, kukushika ovyo au kukulazimisha kuolewa, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, bure.

Kitabu cha Kitereza ukikikuta maktaba, usiogope unene. Soma mpaka pale wazazi wa Bugonoka wanapomchukua binti yao, kisha uone kama utakifunga.