Kuvua kwa Ndoana: Kambale, Perege na Nzi wa Manyoya

Anayesema Dodoma ni nchi ya ukame hasemi uongo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi. Lakini samaki wapo. Wapo katika bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Wapo pia Mtera, pale Mto Kisigo unapokutana na Ruaha Mkuu. Wengi wanalijua bwawa la Mtera kwa umeme, maana mitambo yake ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988. Kwa wanaoishi kandokando yake, bwawa hilo ni kitoweo.

Kuvua kwa ndoana hakuhitaji fedha nyingi. Tafuta ufito mrefu, mshipi wa nailoni, ndoana, na kipande cha bua la mtama kiwe boya. Mshipi ufunge hivi: upitishe katika tundu la ndoana, uzungushe ncha mara tano kwenye mshipi wenyewe, kisha irudishe ncha katika kitanzi kile cha kwanza karibu na tundu. Lowesha kwa mate, halafu kaza polepole. Ukikaza fundo kavu, nailoni hudhoofika.

Kambale hukaa chini, kwenye matope. Macho yake ni madogo. Chakula hukitafuta kwa sharubu. Kwa hiyo mpe kitu chenye harufu: minyoo, utumbo wa kuku, hata kipande cha sabuni. Weka kijiwe ili chambo kizame, na uvue jioni au usiku. Ukimtoa, angalia miiba miwili ya mapezi ya kifuani. Inachoma vibaya!

Perege ni wa mchana, na mdomo wake ni mdogo. Yeye anataka ndoana ndogo na kidonge cha ugali kama punje ya hindi. Kwanza hudonoa tu. Usiwe na pupa. Boya likizama kabisa, ndipo uinue ufito.

Sasa, kuna watu wanaovua bila chambo chochote. Hao ni wavuvi wa trauti, samaki wa mito ya baridi. Trauti waliletwa Kenya kutoka Uingereza mwaka 1905, na baadaye walipandikizwa hata kwetu, kwa mfano Mto Kiwira kule Mbeya. Dodoma hawezi kuishi, maji yetu ni ya moto mno kwake. Lakini ujanja wa wavuvi wake unafaa kujua. Wao humdanganya samaki kwa nzi wa manyoya. Nzi huyo ni mwepesi, hawezi kurushwa mbali peke yake. Ndiyo maana hutumia mshipi mnene. Uzito wa mshipi ndio unaombeba.

Hebu jaribu kumtengeneza. Zungushia uzi wa kushonea kwenye ndoana ndogo. Funga shina la unyoya wa shingo ya jogoo, kisha uuzungushe unyoya wenyewe mara tatu au nne. Vinyweleo vitasimama pande zote kama miguu ya mdudu. Funga fundo, paka nta ya nyuki kidogo. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakianguka majini, mlaze nzi wako juu ya maji bila kishindo. Samaki wanaorukia kumbikumbi huweza kumrukia na yeye.

Ufito mrefu una faida nyingine: unasimama nchi kavu. Maji yaliyotuama yanaweza kuwa na kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko. Usiingie majini kwa ajili ya ndoana iliyonasa. Kata mshipi, nenda zako.

Wapo wanaoona ndoana inachelewesha, wakatumia chandarua cha mbu, kokoro, au sumu ya utupa. Kokoro na sumu vimekatazwa na sheria. Chandarua nacho huzoa vifaranga ambao wangekuwa mboga ya mwakani. Muulize Bwana Samaki wa eneo lako habari za leseni.

Na ukimpata perege mwenye mayai au vitoto kinywani, huyo ni mama anayelea. Mtoe ndoana taratibu, umrudishe majini. Siku hiyo nyumbani mtakula mlenda.