Gugumaji na Ukoo Wake

Gugumaji linaloziba mialo ya Ghuba ya Mwanza asili yake ni bonde la Amazon, na katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Mtaalamu wa mimea wa Kijerumani Carl von Martius, aliyerudi nalo kutoka Brazil, alilipa jina Pontederia crassipes katika miaka ya 1820. Mwaka 1843 mtaalamu mwingine, Kunth, aliunda jenasi mpya, Eichhornia, kumuenzi waziri mmoja wa Prussia. Mwaka 1883 Solms-Laubach akalihamishia gugumaji humo. Likakaa humo zaidi ya karne moja, na ripoti nyingi kuhusu ziwa hili bado zinaliita Eichhornia.

Uhamisho huo ulitegemea umbo, na umbo hudanganya. Vinasaba vilipolinganishwa, ilibainika kwamba baadhi ya spishi za Eichhornia zina undugu wa karibu zaidi na Pontederia kuliko na wenzao wa jenasi. Uainishaji wa leo haukubali hali hiyo: jenasi sharti ikusanye wazao wote wa babu mmoja. Mwaka 2018 Pellegrini na wenzake waliziunganisha Eichhornia na Monochoria ndani ya Pontederia, na gugumaji likarudia jina la Martius. Ndugu yake wa Kiafrika, Pontederia natans, mmea mdogo wa majini, alirudi pamoja nalo.

Nje ya familia ya gugumaji undugu unashangaza zaidi. Pistia stratiotes huelea ziwani bega kwa bega na gugumaji, lakini ni wa familia ya magimbi. Gugumaji limo katika oda ya Commelinales, iliyo pacha wa Zingiberales, yaani oda ya tangawizi na migomba. Kwa nasaba, basi, liko karibu zaidi na mgomba wa Bukoba kuliko na jirani yake wa majini.

Mambo haya si ya maktaba tu. Fukusi wawili wa Amerika Kusini, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, waliachiliwa ziwani miaka ya 1990 ili walile gugu. Wadudu wa kazi hiyo hupimwa kwanza kwa ndugu wa karibu wa gugu, kisha kwa wa mbali na kwa mazao, kuona kama watayagusa. Anayepanga majaribio hufuata mti wa nasaba. Fukusi wa kwanza, kwa kuwa majina ya wanyama yana kanuni zake, bado anaitwa kwa jina la jenasi iliyofutwa.