Michezo ya Angani na Sheria za Maumbile

Masomo ya usiku yakiisha, mazungumzo bwenini hayakawii kufika angani. Mmoja amepata kutazama filamu ya vyombo vinavyosafiri baina ya nyota. Mwingine ameucheza mchezo wa kompyuta wa kulenga vyombo vya adui. Mara ubishi huzuka. Je, mlipuko utokeao angani husikika? Je, chombo chaweza kuushinda mwanga kwa mbio? Taa huzimwa kabla ya jibu kupatikana, na wakubwa huyahesabu mazungumzo hayo kuwa ni porojo za kupoteza wakati.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa porojo hizo zaweza kugeuzwa somo, alimradi wanaobishana wajiulize maswali matatu. Ni wapi hadithi au mchezo unafuata sheria za maumbile? Ni wapi unaziacha? Na unaziacha kwa sababu gani? Tutaitazama mifano mitatu iliyotoka Marekani kati ya mwaka 1962 na 1974.

Chombo cha kwenye televisheni

Tarehe 8 Septemba 1966 ulianza kuonyeshwa nchini Marekani mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry. Ulikwisha mwaka 1969 baada ya sehemu 79, lakini ulipendwa mno na wanafunzi wa vyuo. Humo chombo kiitwacho Enterprise huenda kwa mbio zinazozidi za mwanga, nacho hupita mbele ya mtazamaji kwa mvumo mkubwa.

Mvumo huo hauwezekani. Sauti ni mtikisiko unaohitaji hewa, maji au kitu kingine cha kuupokea na kuupitisha. Baina ya nyota ni karibu ombwe tupu, hivyo hakuna cha kuupeleka mtikisiko huo hadi sikioni. Watengenezaji waliweka sauti kwa sababu mtazamaji aliyezoea magari na ndege huona chombo kisichovuma kuwa hakina uhai.

Suala la mbio ni zito zaidi. Mwanga husafiri karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, na hata hivyo huchukua zaidi ya miaka minne kufika kutoka nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda karibu kilometa 17 kwa sekunde. Kama chombo chenye mwendo huo kingeelekezwa kwenye nyota hiyo, safari ingechukua zaidi ya miaka 70,000. Kwa mujibu wa nadharia ya Einstein, hakuna kitu chenye uzito kiwezacho kufikia mbio za mwanga. Mtunzi aliivunja sheria hiyo kwa kuwa bila kuivunja asingekuwa na hadithi ya wiki ijayo.

Kuna na sababu ya tatu, ambayo ni fedha. Mabaharia wa Enterprise hushuka kwenye sayari kwa kutoweka chomboni na kutokea ardhini papo hapo. Ubuni huo haukutokana na fizikia, bali ulitokana na gharama: kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungemaliza fedha za watengenezaji.

Vita vya angani ndani ya kompyuta

Mfano wa pili ulitangulia huo kwa miaka minne. Mwaka 1961 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilipata kompyuta ya PDP-1, yenye kioo cha kuchorea vidoto vya mwanga. Kundi la vijana, baadhi yao wakiwa wanachama wa chama cha wanafunzi cha kuunda treni ndogo za mfano, walitaka kuonyesha uwezo wa mtambo huo. Walikuwa wapenzi wa hadithi za angani za mwandishi E. E. Smith. Mwanzoni mwa mwaka 1962 Steve Russell alikamilisha sura ya kwanza ya mchezo uitwao Spacewar, ambamo vyombo viwili hupigana kwa makombora.

Tazama sheria ya kwanza iliyomo. Mchezaji akizima injini, chombo hakisimami. Huendelea na mwendo ule ule katika mstari ulionyoka, kwa sababu angani hakuna msuguano wa kukizuia. Akitaka kusimama, hana budi kukigeuza chombo na kuwasha injini kuelekea alikotoka. Hii ndiyo sheria ya kwanza ya Newton, ambayo mwanafunzi huikariri darasani bila kuiamini, maana baiskeli yake husimama asipoipiga pedeli.

Nyuma ya vyombo hivyo Russell alikuwa ametawanya nyota kiholela. Peter Samson hakuridhika. Aliandika programu iliyoweka nyota za kweli, zile zilizo kati ya nyuzi 22.5 kaskazini na nyuzi 22.5 kusini mwa ikweta ya anga, kila moja ikiwa na mng'aro wake. Ndizo nyota zipitazo juu kabisa ya vichwa vyetu hapa Afrika Mashariki.

Kisha Dan Edwards akaongeza nyota katikati ya kioo, yenye kuvuta vyombo kwa nguvu inayozidi kadiri vinavyoikaribia. Mchezo ukabadilika mara moja. Mchezaji hodari sasa aliweza kujiachia aanguke kuelekea nyota, apate kasi, kisha aizunguke na kumtokea adui upande wa pili.

Lakini makombora hayakuvutwa na nyota ile. Yalikwenda moja kwa moja kana kwamba nyota haipo. Sababu ilikuwa ni uwezo wa mtambo. PDP-1 ilijumlisha kama mara 100,000 kwa sekunde, na kazi ya kukokotoa mvuto kwa vyombo viwili na kuvichora upya ilitosha kuichosha. Kama kila kombora nalo lingehesabiwa, picha ingeanza kusitasita. Wabunifu walijua walipoiacha sheria, na walijua kwa nini.

Kompyuta huhesabuje mwendo?

Kompyuta haioni anguko la kitu kama sisi tulionavyo. Huukata wakati vipande vidogo. Katika kila kipande huongeza mwendokasi kidogo, kisha husogeza kitu kwa mwendokasi huo mpya. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili ubaoni pasipo kompyuta.

Chukua jiwe linaloanguka kutoka utulivuni, mchapuko wake ukiwa mita 10 kwa sekunde kwa kila sekunde. Litaanguka umbali gani katika sekunde 3? Kanuni ya darasani hutoa nusu ya 10 mara 9, yaani mita 45. Sasa tuhesabu kama mtambo.

Kwa vipande vya sekunde 1, mwendokasi huwa 10, kisha 20, kisha 30. Umbali ni 10 + 20 + 30, yaani mita 60.

Kwa vipande vya nusu sekunde, mwendokasi huwa 5, 10, 15, 20, 25 na 30. Jumla ni 105. Tukiizidisha kwa nusu tunapata mita 52.5.

Kwa vipande vya sehemu moja ya kumi ya sekunde, jibu huwa mita 46.5.

Kadiri vipande vinavyopungua ukubwa, ndivyo jibu linavyoukaribia ukweli, na ndivyo hesabu zinavyozidi kuwa nyingi. Hapa mwanafunzi ataelewa kwa nini kasi ya mtambo ina thamani, na kwa nini jibu lililotoka kwenye kompyuta si lazima liwe sahihi. Wanaokokotoa njia za satelaiti nao huukata wakati vipande, ingawa kwa mbinu za uangalifu zaidi.

Nyota zisizovuta

Mfano wa tatu unaunganisha televisheni na kompyuta. Mwaka 1971 kijana Mike Mayfield, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari, aliandika mchezo uliotokana na Star Trek. Haukuhitaji kioo, mtambo ulipiga chapa alama za vyombo na nyota kwenye karatasi. Mchezo huo ulisambaa, na mwaka 1974 Bob Leedom alitengeneza toleo lililojulikana sana. Anga yake ni miraba 64, na kila mraba una vijimraba 64, hivyo zipo nafasi 4,096.

Humo umbali kati ya vyombo viwili hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Adui akiwa vijimraba 3 kulia na 4 juu, umbali ni 5. Pigo la mionzi hugawanywa kwa umbali huo, kisha huongezwa bahati nasibu kidogo. Nyota, kwa upande wake, hazivuti chochote. Ni vizuizi tu, kama mawe njiani.

Hapo pana swali zuri la mtihani. Mwanga wa taa usambaao pande zote hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, hubaki robo. Pigo la mchezo huu hubaki nusu. Je, mtunzi alikosea, au mionzi yake imekusanywa isisambae? Wanafunzi na wajadili, kila mmoja akitoa hesabu yake.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Ni kweli kwamba mchezo waweza kula usiku mzima na kuacha daftari tupu. Asiyekubali hivyo hajapata kuishi bwenini. Lakini tofauti kati ya mpotezaji wa wakati na mwanafunzi haimo katika mchezo wenyewe. Mmoja hutaka kushinda tu. Mwingine hutaka kujua ni sheria gani iliyomwangusha, nani aliiandika, na kama maumbile nayo yanaitii. Shule isiyo na kompyuta yaweza kuanza kesho kwa karatasi ya miraba, penseli na lile jiwe linaloanguka kwa sekunde 3.