Gari Mpya na Ahadi ya Kiwanda

Wanachama wanaotaka kuchanga fedha za msimu wanunue gari mpya ya kuchukulia karafuu wanauliza: Je, gari mpya haiharibiki? Na ikiharibika, nani atalipa?

Upya si kinga. Gari huugua zaidi katika nyakati mbili: mwanzoni, kwa makosa ya kiwandani, na uzeeni, kwa uchakavu. Dhamana ya kiwanda ni kwa yale makosa ya kiwandani. Mipira, breki zilizolika na gari iliyovunjwa kwa kupakiwa kupita kiasi, hayo ni juu ya mwenyewe.

Tutoe mfano. Kampuni ya Hyundai, ya Korea ya Kusini, ilianza kuuza gari Marekani mwaka 1986. Bei ilikuwa rahisi na watu walizinunua kwa wingi, lakini ziliharibika mno na jina la kampuni likachafuka. Mwaka 1998 ikatangaza dhamana ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi. Ahadi kama hiyo humfunga mwenye kuitoa, kwani kila injini mbovu hulipiwa na kampuni yenyewe. Basi ilibidi kutengeneza gari madhubuti. Mwaka 2004, hesabu ya J.D. Power ya matatizo ya siku 90 za mwanzo iliiweka Hyundai sawa na Honda.

Hata hivyo, ahadi ile ilikuwa na masharti. Neno "au" maana yake ni kwamba kinachotangulia kutimia, miaka au maili, ndicho kinachomaliza dhamana. Tena miaka 10 ilikuwa ya mnunuzi wa kwanza. Aliyeuziwa naye alipata miaka 5 au maili 60,000 tu, tangu gari ilipoanza kutumika.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, muulize wakala haya:

1. Dhamana hii yakubaliwa hapa kisiwani, au katika nchi gari ilikouzwa tu?
2. Fundi wenu na vipuri viko hapa, au hungojewa meli?
3. Kutu imo katika dhamana? Sisi twaishi na hewa ya chumvi.
4. Gari ikilala gereji, mtatupa nyingine?

Swali la pili ndilo zito kwetu. Karafuu mbichi hazingoji kipuri. Zikilala zimerundikana hupata joto, huchacha na kugeuka rangi, na daraja hushuka. Kiwanda kitalipa injini. Hakitalipa karafuu zako.

Mwisho, kila mkibadilisha oili kwa wakati, itieni katika kitabu cha gari na mtunze risiti, kwani bila hivyo wakala anaweza kukataa madai yenu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katibu