Bia Iliyochanganywa na Maji ya Zabibu: Ionje kwa Akili, Kisha Uhesabu Shilingi

Ndugu mkulima wa Kalamba, wewe huhitaji mtu kukufundisha maana ya kuchanganya. Wazee wa Ukambani walipotaka uki wa heshima, wa kuzungumzia mahari au wa kukalisha baraza, walichukua asali na maji, na mahali palipostawi miwa walitia maji ya miwa. Kisha walitia matunda makavu ya mwegea, mti ambao kwa Kikamba huitwa muatine, wakaacha kibuyu karibu na joto la moto mpaka pombe ikachemka yenyewe. Tunda lile lilipotolewa lilikaushwa juani na kuwekwa kwa safari nyingine, kwa sababu hamira hukaa ndani ya nyuzi zake. Wazee hawakuiona hamira kwa macho, lakini waliitunza kama mbegu.

Basi usishangae ukisikia kwamba siku hizi wako watengenezaji wadogo wa bia wanaochanganya bia ya shayiri na maji ya zabibu za divai. Kazi yao ni ile ile ya wazee, ila wametumia sukari nyingine. Katika makala hii tutakueleza kinywaji hicho ni kitu gani, kinaonjwaje, na jambo kubwa kuliko yote kwako: je, kuna faida yoyote ndani yake kwa mtu mwenye shamba katika nchi kavu kama yetu?

KILITOKA WAPI

Huko Ulaya watu wengi walizoea kutenga bia na divai. Katika nchi ya Bavaria amri ya mwaka 1516 ilisema bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Lakini desturi ya kuchanganya ni ya zamani kuliko amri hiyo. Mwaka 1957 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walifungua kaburi la mfalme mahali paitwapo Gordion, nchi ya Uturuki, lenye umri wa miaka 2,700 hivi. Ndani yake walikuta vyombo vya kunywea vyenye masalio yaliyokauka. Miaka mingi baadaye mtaalamu Patrick McGovern aliyapima masalio hayo akaona dalili za zabibu, shayiri na asali, vyote katika kinywaji kimoja. Mwaka 1999 kiwanda cha Dogfish Head cha Marekani kilitengeneza bia kwa kufuata uvumbuzi huo, kikaiita Midas Touch.

Waliofanya kazi hii kuwa desturi ya nchi nzima ni Waitalia. Katika kisiwa cha Sardinia, kiwanda kidogo kiitwacho Barley, cha Bwana Nicola Perra, kilichukua maji ya zabibu aina ya Cannonau zinazolimwa kisiwani humo, kikayapika mpaka yakawa mazito, kikayatia katika bia nyeusi. Wengine wakafuata, kila mmoja na zabibu za kwao. Mwaka 2015 bia za namna hii ziliingizwa katika kitabu cha miongozo kinachotumiwa na waamuzi wa mashindano ya bia, kwa jina la bia ya zabibu ya Kiitalia. Mwongozo huo unakubali maji ya zabibu yafike hata sehemu 40 katika 100 za vitu vinavyotoa sukari.

Shika neno hili, kwa maana tutalirudia: watu wale hawakutafuta zabibu za bei rahisi. Walitafuta ladha ya shamba la kwao, ambayo kiwanda kikubwa cha mbali hakiwezi kuiiga.

KUNA NINI NDANI YA CHUPA

Shayiri hulowekwa mpaka ikachipua, ikakaushwa, ikawa kimea. Kimea husagwa na kutiwa maji ya moto ili utamu utoke, kama wafanyavyo akina mama kwa wimbi au mtama wa pombe. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na ua chungu liitwalo hopsi. Yakipoa hutiwa hamira, na hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ile inayofanya povu.

Maji ya zabibu huleta mambo matatu. Kwanza ni sukari. Zabibu za divai zilizoiva vizuri huwa na sukari zaidi ya sehemu 20 katika 100, nayo maji ya kimea cha bia ya kawaida huwa na sehemu 10 au 12 tu. Kwa hiyo bia yenye zabibu huwa kali zaidi. Pili ni uchachu, unaofanya mate yatoke. Tatu, kama zabibu ni nyekundu na maganda yake yametumika, ni ukakasi, yaani ile hali ya kukaza ulimi unayoipata ukila ndizi isiyoiva.

NAMNA YA KUIONJA

Tuseme mgeni amekuletea chupa moja. Usiinywe kama mtu aliyetoka kulima. Fanya hivi:

1. Tumia glasi safi isiyo na mafuta wala harufu ya sabuni. Mafuta huua povu, na sabuni huharibu harufu. Kikombe cha bati hakifai, maana hutaona rangi.

2. Usiipoze sana. Kitu kilichopoa kupita kiasi hakina harufu. Iache nje ya friji kidogo kwanza.

3. Tazama. Zabibu nyeupe huacha rangi ya dhahabu, nyekundu huleta rangi ya waridi au ya damu ya mzee. Ukiona ukungu kidogo si kosa. Ukiona utando juu, au vipande vinavyoelea kama maziwa yaliyokatika, iache.

4. Nusa kabla ya kunywa, mara mbili au tatu fupi. Utafute harufu ya mkate na nafaka kutoka katika kimea, na harufu ya tunda kutoka katika zabibu. Harufu ya siki, au ya yai bovu, ni dalili ya kazi mbaya.

5. Chukua funda dogo, lizungushe kinywani, kisha umeze. Uliza ulimi wako maswali kwa zamu. Utamu uko wapi? Uchachu unakuja lini? Uchungu wa hopsi unagombana na zabibu, au umeipisha? Je, ukimaliza, kinywa ni kikavu na safi, au kimebaki na utamu unaonata?

6. Kula kipande cha nyama ya mbuzi ya kuchoma, au muthokoi, kisha onja tena. Uchachu wa zabibu hukata mafuta ya nyama. Hapo ndipo wengi huielewa bia hii, hata waliokunja uso mara ya kwanza.

Bia nzuri ya namna hii haifanani na bia iliyomwagiwa divai. Ladha zote mbili husikika, wala hakuna inayoimeza nyenzake. Mtu aliyezoea kaluvu ya asali hataiona ngeni sana, kwa maana naye amezoea kinywaji chenye utamu unaokwisha kwa uchachu.

NGUVU YAKE

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Ndiyo hatari ya vinywaji vyenye harufu ya tunda: havitangazi nguvu zake. Nyingi za bia hizi zina kileo kati ya sehemu 5 na 10 katika 100. Fanya hesabu. Chupa ya nusu lita yenye sehemu 5 ina mililita 25 za kileo kitupu. Glasi ya robo lita yenye sehemu 10 ina kiasi kile kile. Mtu akinywa nusu lita ya hiyo kali akidhani ni bia moja, amekunywa bia mbili. Soma karatasi ya chupa kwanza. Asiyekunywa kwa ajili ya dini au afya asishurutishwe, na anayeendesha pikipiki asiguse kabisa.

JE, NIPANDE MIZABIBU?

Hili ndilo swali la mkulima. Mizabibu huishi katika nchi kavu. Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, wanailima miaka mingi, na kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti, wao huikata matawi kwa majira na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Jambo kubwa ni zabibu kuiva wakati wa kiangazi, kwa maana mvua ikizikuta zimeiva huleta ukungu na kuoza. Kwa hiyo mzabibu unataka maji ya kuutilia wakati mvua hakuna, nguzo na waya, dawa, na mtu anayejua kukata matawi.

Lakini ngoja kwanza, tazama soko. Mtengenezaji mdogo anayepika lita 1,000 na kutia maji ya zabibu lita 300 atahitaji zabibu kama kilo 450 hivi. Huo ni mzigo wa pikapu moja. Eka moja ya mizabibu iliyotunzwa yaweza kutoa tani kadhaa, nazo haziwezi kungoja: zikikaa siku mbili juani zinaanza kuchacha zenyewe. Wakulima wa Dodoma wenyewe wamewahi kulalamika kwamba zabibu zimeiva na wanunuzi hawatoshi, na wao wana viwanda vya divai karibu. Basi using'oe mwembe wako unaozaa ili upande mzabibu kwa sababu ya makala ya gazeti. Anayetaka kujaribu apande michache kando ya kisima, aonje, na ajifunze kukata matawi.

TAZAMA KILICHO SHAMBANI MWAKO

Faida iliyo karibu zaidi ni hii: neno walilofuata Waitalia, ladha ya shamba la kwao, nawe unaweza kulifuata kwa vitu ulivyo navyo.

Mtama aina ya Gadam tayari umeingia katika bia. Bia ya Senator, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, iliwapa soko la mtama wakulima wa Makueni, Kitui na Tharaka. Hata hivyo kumbuka mwaka 2013. Serikali ilipoitoza bia hiyo ushuru mkubwa, mauzo yalianguka na mtama ukakosa mnunuzi, mpaka ushuru ulipopunguzwa tena. Mkulima aliyetegemea mnunuzi mmoja peke yake alijifunza kwa uchungu.

Maembe nayo ni mengi hapa kuliko midomo ya kuyala. Kati ya Novemba na Machi dalali anakuja na bei yake mkononi, na ukikataa embe linaanguka. Kiwanda cha matunda cha Kaunti ya Makueni, kilichoanza kazi mwaka 2017 hapa hapa Kalamba, kilijengwa kwa ajili ya shida hiyo, kusaga maembe yawe rojo inayoweza kuwekwa. Embe lililoiva lina sukari kama sehemu 14 katika 100, nayo rojo yake huweza kutiwa katika bia kama maji ya zabibu yanavyotiwa, ingawa haina ukakasi na inataka kuchujwa vizuri. Miji yetu mikubwa ina watengenezaji wadogo wa bia. Chama cha wakulima kinachoweza kuwaambia, "Tuna rojo safi, kiasi hiki, mwezi huu, na asali kutoka mizinga yetu," kina kitu cha kuuza. Mtu mmoja mwenye ndoo tatu hana.

SHERIA NA HATARI

Usikimbilie kupika jikoni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliruhusu hata pombe za kienyeji, lakini inataka leseni kabla ya mtu kutengeneza au kuuza, na inakataza kumwuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Ukipika bila leseni, faida ya mwaka mzima yaweza kuisha mahakamani kwa siku moja.

Na usisahau Mei 2014. Makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye sumu ya methanoli, na Makueni na Kitui zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizozika watu. Wengine walipona lakini wakapoteza macho. Sumu ile haionekani, wala ulimi hauwezi kuitambua. Kwa hiyo makala hii ya kuonja isikudanganye: maarifa yote ya pua na ulimi hayafai kitu kwa chupa ambayo hujui ilikotoka. Kama haina karatasi ya mtengenezaji, usiionje hata funda moja.

Makazi ya Makueni yalianzishwa katika miaka ya 1940 katika msitu wa mbung'o na vifaru. Mwindaji J. A. Hunter peke yake aliua vifaru karibu 1,000 kati ya 1944 na 1946 ili pori lifyekwe na watu wapate mashamba. Ardhi iliyopatikana kwa gharama hiyo yapasa kuzaa zaidi ya maembe ya kuozea chini ya mti. Katika mkutano ujao wa chama chenu, ulizeni swali moja: ni kitu gani cha Kalamba ambacho mtu wa Nairobi akikionja atajua kimetoka Kalamba? Mkipata jibu, andikeni kiasi mlicho nacho na miezi kinapopatikana, kisha mpelekeeni afisa wa kilimo karatasi hiyo kabla maembe ya msimu ujao hayajaanza kuiva.