UNA MTAJI WA LAKI 6, UCHUKUE MZIGO GANI? ACHA KUBAHATISHA, TUMIA SOLVER



Swali hili kila anayeuza mtandaoni analijua. Una laki 6 mkononi, kesho asubuhi unaingia Kariakoo. Unachukua nini, na vipande vingapi? Wengi tunachagua kwa macho. Tunabeba kile jirani anachoposti sana, au kile chenye faida kubwa kwa kipande kimoja. Mzigo ukilala tunasema biashara ngumu.

Kuna programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa maswali ya aina hii. Unaziambia unataka nini na una mipaka gani, zenyewe zinatafuta mchanganyiko unaolipa zaidi. Mashirika ya ndege na viwanda wanatumia za hela nyingi. Sisi inatutosha Solver. Ipo ndani ya Excel, na LibreOffice Calc, ambayo unaipakua bure kabisa, nayo ina Solver yake. Utahitaji kompyuta, maana Excel ya kwenye simu haina kitu hiki. Hata ya kuazima kwa nusu saa inatosha.

Tuchukue mfano wa muuzaji mwenye bidhaa 3:

👗 Gauni: kununua 15,000, faida 6,000, muda dakika 30
👜 Mkoba: kununua 25,000, faida 8,000, muda dakika 20
👡 Sandali: kununua 10,000, faida 3,000, muda dakika 15

Faida hapo ni baada ya kutoa nauli na mifuko. Muda ni ule wa kupiga picha, kujibu meseji, kufunga mzigo na kumkabidhi bodaboda. Gauni linakula muda kwa sababu ya vipimo, si unawajua wateja wa "nina hips, litanitosha?"

Mtaji wake ni 600,000. Muda alionao kwa wiki ni saa 14, yaani dakika 840. Hizo ndizo kuta mbili zinazombana.

Sasa tujaribu kwa kichwa. Akichukua mikoba tu, anapata 24, faida 192,000, lakini muda mwingi unabaki. Akichukua magauni tu, muda unaisha akiwa na 28, faida 168,000, na mtaji wa 180,000 umekaa bure. Sandali tu, jozi 56, faida 168,000. Kwahiyo ukisema "mkoba ndio unalipa, nabeba mikoba" unaonekana uko sahihi. Subiri kwanza.

JINSI YA KUIPANGA

1. Seli B1, B2 na B3 ziwe idadi ya magauni, mikoba na sandali. Weka 0 kwa sasa.
2. B5 ni faida: =B1*6000+B2*8000+B3*3000
3. B6 ni mtaji unaotumika: =B1*15000+B2*25000+B3*10000
4. B7 ni muda unaotumika: =B1*30+B2*20+B3*15
5. Fungua Solver. LibreOffice iko kwenye Tools. Excel iko kwenye Data, usipoiona iwashe kwanza kwenye Add-ins.
6. Iambie lengo ni B5, iwe Maximum. Seli za kubadilisha ni B1 hadi B3. Masharti: B6 isizidi 600000, B7 isizidi 840, na B1 hadi B3 ziwe namba kamili (hakuna nusu gauni) zisizoshuka chini ya sifuri.
7. Kwenye Excel chagua Simplex LP, halafu ingia Options uweke Integer Optimality iwe 0, la sivyo inaweza kusimama kwenye jibu la karibu tu. Bonyeza Solve.

Jibu: magauni 20, mikoba 12, sandali 0. Faida 216,000. Mtaji umeisha wote na muda umeisha wote. Ni 24,000 zaidi ya kubeba mikoba mitupu, kwa mtaji uleule na bila kufanya kazi zaidi ya zile saa 14 alizonazo.

UTAMU WENYEWE UKO HAPA

Ukishapanga mara moja, badilisha namba moja uone kinachotokea.

Weka mtaji 700,000 badala ya 600,000. Jibu linakuwa magauni 15, mikoba 19, faida 242,000. Maana yake laki moja ya ziada inaleta 26,000 kwa wiki hiyo. Mtu akikukopesha laki kwa wiki moja, na riba pamoja na makato ikafika 30,000, umemfanyia kazi yeye. Yakiwa 10,000, hapo mnaweza kuongea, ila kumbuka hiyo 26,000 inakuja kama mzigo wote umetoka.

Rudisha mtaji 600,000, halafu ongeza muda kwa saa 3, yaani dakika 1,020. Jibu: magauni 30, mikoba 6, faida 228,000. Saa 3 zimeleta 12,000. Kwahiyo mdogo wako akikusaidia kufunga mizigo kwa saa 3 ukampa 6,000, bado umebaki na 6,000 na hujakopa kwa mtu.

Wengi tukikwama tunakimbilia mkopo. Fanya hesabu hii kwanza ujue kinachokubana ni hela au ni muda.

KOMPYUTA HAIJUI USICHOIAMBIA

Njia hii ya Simplex aliitoa George Dantzig, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, mwaka 1947. Miaka ya 1950 akataka kompyuta impangie chakula cha kupunguza uzito. Ikamwambia atumie galoni 500 za siki. Hakuwa ameiwekea kikomo cha siki! Alipoiondoa siki, ikaja na vipande 200 vya kukoleza mchuzi kwa siku. Ndipo akaweka kikomo.

Na kwetu ni hivyohivyo. Solver imesema magauni 20, je, wateja wako wamewahi kununua 20 kwa wiki? Tuseme hawajawahi kuzidi 16. Ongeza sharti: B1 isizidi 16. Jibu jipya: magauni 16, mikoba 14, sandali jozi 1, faida 211,000. Jozi moja! Nani wa jumla atakuuzia jozi moja? Hapo unajua umesahau sharti jingine. Acha ile jozi, chukua magauni 16 na mikoba 14, unabaki na faida 208,000 na elfu 10 ya dharura mfukoni.

Na uzoefu wako usiudharau. Mwaka 1945 mchumi George Stigler alikisia kwa akili chakula cha bei rahisi kinachomtosha mtu mwaka mzima, akapata dola 39.93. Mwaka 1947 makarani 9 wakalipiga swali lake kwa njia ya Dantzig na mashine za mkono, kazi ya siku 120 ukijumlisha siku za kila mmoja. Wakapata dola 39.69. Alikosea senti 24 tu! Lakini zile siku 120 leo kompyuta ya mtumba inazimaliza kabla hujapepesa macho. Kwahiyo kisia, halafu hakiki.

CHA KUFANYA WIKI HII

Chukua daftari. Kwa kila bidhaa andika vitu vinne: bei ya kununua, faida halisi, dakika inazokula, na idadi kubwa uliyowahi kuuza kwa wiki. Hizo dakika ndizo wengi hatuzipimi, na muda wako nao ni mtaji. Namba zikiwa za uongo, jibu nalo litakuwa la uongo.

Jumapili usiku piga hesabu, Jumatatu ingia sokoni na karatasi yako. Muuza jumla akikwambia "chukua hii dada, inatoka sana," unamjibu kwa namba.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, andika hapo chini bidhaa zako na mipaka yako tupange pamoja. Na mtumie mwenzako anayetaka kukopa wiki hii, aisome kabla hajasaini.