Gari Kuukuu Linalotetemeka Likisimama: Chanzo Chake na Namna ya Kulitengeneza

Mwenye gari kuukuu huijua sauti ya injini yake kama mchungaji ajuavyo mlio wa ng'ombe wake. Siku injini inapoanza kutetemeka gari likiwa limesimama, ikanguruma kwa mapigo yasiyolingana, na pengine ikazimika mara dereva aondoapo mguu kwenye mafuta, mwenyewe hutambua upesi kwamba gari ni gonjwa. Lakini kujua kwamba kuna ugonjwa si sawa na kuujua ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo watu wengi hupotezea fedha zao.

Chukua mfano wa mkulima wa Nyandarua anayepeleka viazi sokoni kwa Land Rover ya zamani. Kila asimamapo katika msongamano, injini hutikisika na kuzimika. Akiwaendea watu watatu kuomba shauri, wa kwanza atamwambia anunue kabureta mpya. Wa pili atataka plagi zote zibadilishwe. Wa tatu atashika bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta pale pale barabarani. Huenda mkulima akatumia fedha za magunia mengi, na gari likabaki vile vile, kwa kuwa kilichoharibika ni kipande cha mpira kilichopasuka. Basi jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kabureta isiguswe mpaka mengine yote yamekwisha kupimwa, na kila mara kibadilishwe kitu kimoja tu, kisha injini isikilizwe tena.

KWA NINI KASORO HUONEKANA GARI LIKISIMAMA

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: hewa na petroli zilizochanganywa kwa kadiri ipasayo, cheche ya umeme kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha ndani ya kila silinda. Gari likienda mbio, injini huvuta hewa nyingi, na kasi yake huzificha kasoro ndogo. Lakini dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, hewa inayoingia huwa kidogo sana. Hapo hata ufa mwembamba unaopitisha hewa ya ziada huweza kuharibu mchanganyiko wote. Ndiyo sababu gari laweza kwenda vizuri njia nzima, kisha likatetemeka mbele ya duka.

Maelezo haya yanahusu magari yenye kabureta. Mfano mzuri ni Land Rover ya petroli yenye silinda 4 na ukubwa wa cc 2,286. Injini hiyo ilianza kutumika mwaka 1958, na ilikuwamo pia katika Series III iliyoundwa tangu 1971 hadi 1985. Magari ya siku hizi yanayoongozwa na kompyuta yana njia nyingine za kupimwa.

KUJIHADHARI KABLA YA KAZI

Injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kumwua mtu kabla hajajua kwamba yumo hatarini. Gari litolewe nje, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Sigara na moto wowote viwekwe mbali. Mikono na nguo zisikaribie feni.

KUSIKILIZA NA KUTAZAMA

Upimaji ufanywe injini ikiwa imekwisha kupata moto, na choki imerudishwa kabisa, kwa maana injini baridi haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Ikiwa pigo moja hukosekana kwa mpango ule ule, yaelekea silinda moja haifanyi kazi. Ikiwa mwendo wa injini hupanda na kushuka wenyewe, yafaa kushuku hewa inayoingia pasipostahili. Moshi mweusi huonyesha kwamba petroli imezidi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua.

Silinda mbovu hutafutwa hivi. Injini huzimwa, waya wa plagi ya kwanza huondolewa, na ncha yake hugusishwa chuma cha injini na kufungwa isicheze. Kisha injini huwashwa. Ikizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi yake. Isipobadilika hata kidogo, silinda mbovu imepatikana. Waya hurudishwa, na nyingine hupimwa moja moja kwa njia hiyo hiyo. Waya usishikwe kwa mkono injini ikiwa inazunguka, kwa sababu umeme wake ni mkali.

UMEME

Baada ya hapo plagi zitolewe na kupangwa kwa taratibu ya silinda zao. Plagi ya silinda yenye afya huwa na rangi ya kahawia au kijivu. Masizi makavu meusi ni alama ya petroli iliyozidi. Plagi iliyolowa oili huonyesha kwamba ringi za pistoni au miongozo ya vali imelika. Plagi nyeupe sana huonyesha kwamba hewa imezidi au injini inapata joto mno. Ikiwa silinda moja tu ni mbovu, plagi yake ibadilishane na ya jirani yake. Kasoro ikihamia kwa jirani, kosa ni la plagi. Ikibaki pale pale, kosa ni la kitu kingine, na fedha ya plagi mpya imeokoka.

Nafasi ya plagi katika injini hii ni karibu 0.75 mm. Kisha hutazamwa distribyuta, yaani chombo kinachogawa umeme kwa silinda zote. Kifuniko chake kisiwe na ufa, unyevu wala mstari mweusi wa umeme uliopotea njia. Pointi zilizomo ndani zisiwe zimeungua, na nafasi yake iwe kati ya 0.35 na 0.40 mm, ikipimwa kwa vibati vyembamba vya kupimia. Waya za plagi huchunguzwa usiku: kofia ya injini ikifunguliwa gizani, cheche ndogo zinazorukaruka juu ya waya huonyesha mahali umeme unapovuja.

HEWA YA WIZI

Umeme ukiwa mzima, itafutwe hewa inayoingia kwa wizi. Mipira yote iliyoungana na kabureta na bomba la kuingizia hewa ichunguzwe kwa vidole, maana mpira mkuukuu hupasuka upande wa chini usioonekana. Mpira wa breki usisahauliwe katika magari yenye kisaidizi cha breki, kwa kuwa ukipasuka huharibu injini na breki pia. Nati za bomba zikazwe kwa kadiri.

Mahali panaposhukiwa panyunyiziwe maji kidogo injini ikiwa inazunguka. Sauti ikibadilika mara, ufa umepatikana. Wako watu wanaonyunyizia petroli badala ya maji. Hiyo ni hatari kubwa, kwani cheche moja tu hutosha kuliteketeza gari pamoja na mwenyewe.

VALI NA MGANDAMIZO

Silinda ikiwa na cheche nzuri na bado haifanyi kazi, nafasi za vali zipimwe. Katika injini hii ni 0.25 mm kwa vali zote. Vali isiyo na nafasi haifungi sawasawa, na mgandamizo huvuja. Jambo hili limepata umuhimu zaidi tangu petroli yenye madini ya risasi ilipoondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya vali katika injini nyingi za zamani. Pasipo risasi, viti vilivyo laini huweza kulika, na nafasi ya vali ikapungua kidogo kidogo. Mgandamizo ukiwa hafifu hata baada ya kurekebisha vali, kazi hiyo ni ya fundi, wala hakuna skrubu itakayoiponya.

MWISHO NI KABURETA

Sasa ndipo kabureta inapofikiwa. Kwanza maji na taka vitolewe katika chujio la petroli. Tundu dogo linalolisha injini wakati gari limesimama huzibwa hata na chembe ya vumbi. Lisafishwe kwa kupulizwa hewa, wala si kwa kuchokolewa kwa waya, kwani waya hulipanua.

Kabureta ya Zenith 36 IV, iliyofungwa katika Land Rover nyingi tangu mwisho wa miaka ya 1960, ina udhaifu unaojulikana na mafundi. Kipande chake cha juu huweza kupindika, na petroli ikapita isipotakiwa. Fundi stadi hukisugua juu ya msasa mwembamba uliotandazwa kwenye kioo mpaka kiwe sawa, kisha hutia pete mpya ya mpira. Kazi hiyo huweza kumwondolea mwenye gari gharama ya kabureta nzima.

Kumalizia, skrubu ya mchanganyiko huingizwa pole pole mpaka injini ianze kusita, halafu hurudishwa mpaka ilie kwa utulivu kabisa. Kisha skrubu ya mwendo hupunguzwa hadi injini izunguke taratibu bila kuzimika. Yafaa kazi hii ifanyiwe mahali gari linapotumika zaidi. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa huweza kutoa petroli nyingi kupita kiasi ikifika Limuru.

Mwenye gari aandike katika daftari kila alichopima na kila alichobadilisha, pamoja na tarehe. Daftari hilo likionyeshwa kwa fundi, litamwepusha kurudia kazi iliyokwisha kufanywa, na mwenye gari hatalipa mara mbili. Na mkulima yule wa viazi, akifuata taratibu hii hatua kwa hatua, yaelekea atafika sokoni na mzigo wake wote, na fedha za mavuno zikibaki mfukoni mwake.